Kikundi: Wana wa Bi Mwanahawa

*Alhamisi*

Zaina 18:42: Assalaam aleikum nyote. Tumerudi hospitali na Kaka Hamisi. Altrasaundi imeonyesha damu imeganda kwenye mshipa mkubwa wa paja la kushoto. Kaanzishiwa sindano na vidonge vya wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande.

Zaina 18:44: Daktari kamuuliza, umesafiri safari ndefu? Umepasuliwa? Umelala kitandani siku nyingi? Yote hapana. Kasema damu ikiganda bila sababu kwa mtu wa miaka 61, mara nyingine kuna saratani imejificha. Anataka achunguzwe.

Zaina 18:45: Kwa hiyo aende Dar apigwe CT, ile picha ya mashine ya kuona ndani, mwili mzima. Kila mtu 150,000 mwisho Jumamosi. Tumeni kwangu.

Abuu 19:03: Pole yake kaka

Mwanaidi 19:20: 🤲

Zaina 19:51: Watu 23 humu, nimeona wawili.

Mama Mdogo Asha 20:05: Poleni wanangu. Mpeni kitunguu saumu, punje tatu kila asubuhi, damu iwe nyepesi

Shem Kombo 20:07: Saumu yuko Kanada, Mama Mdogo, hizo punje tutazipata wapi 😂

Abuu 20:07: 😂😂😂

Shem Kombo 20:09: Shemeji yangu mzima yule. Idi yote kashinda anavuta suruali, mkanda kautoboa tundu jipya. Nikajua anatafuta mke wa pili 😂

Mwanaidi 20:10: Kombo we! Mama Abdi yumo humu

Zaina 20:15: Jamani CT. Nani kashatuma?

Saumu 23:38: Ndio natoka zamu. Mama Mdogo shikamoo. Kitunguu kwenye mboga sawa, ila hizo punje asubuhi na wafarini hapana, anaweza kutoka damu. Kisamvu na mchicha ale kwa kiasi kilekile siku zote, si leo sufuria kesho asiguse. Na asikose kipimo cha damu cha kuangalia dozi.

Saumu 23:46: Dada Zaina, CT ya mwili mzima tusianze nayo. Huku Kanada kulifanyika utafiti, ukatoka 2015. Wagonjwa 854 kama kaka, damu imeganda bila sababu. Kundi moja vipimo vya kawaida, lingine vya kawaida na CT ya tumbo na nyonga. Mwaka mzima waliokutwa na saratani ni 33, yaani kila watu 100 hawafiki 4. Na zilizoponyoka vipimo zilikuwa 4 kundi la kawaida, 5 kundi la CT. Hiyo hela yote ingeenda bure.

Saumu 23:49: Vya kuanza vipo hapohapo Tanga. Daktari amkague mwili mzima kwa mikono, picha kamili ya damu, ini, kalsiamu, eksirei ya kifua, na kwa umri wake tezi dume na utumbo mpana. Kikionekana kitu ndipo CT inafuata njia yake.

Saumu 23:50: Huo mkanda, Kombo, ni kweli au utani? Kapungua kilo ngapi?

*Ijumaa*

Jumaa 06:52: Kabla sijatuma ya pili, za Mama zilienda wapi?

Zaina 06:55: Jumaa usianze.

Jumaa 06:58: Nilitoa laki tano. Wiki tatu tunapanga humuhumu, Mama anafika Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, wanatwambia mngemleta mapema.

Zaina 07:01: Na wiki tatu hizo nani alikuwa anamgeuza kitandani? Risiti ninazo zote ndani ya mfuko wa Rambo, njoo uzisome.

Abuu 07:30: Leo Coastal wanacheza saa ngapi

Zaina 07:31: ABUU

Saumu 08:15: Kilo ngapi jamani? Sijajibiwa.

Ba'mkubwa Salehe 14:12: Nimetoka msikitini ndio nasoma. Hamisi yumo humu. Tangu jana anasoma mnavyomgawana, hesabu zake, ugonjwa wake, mkanda wake. Nani kampigia kumuuliza yeye anataka nini? Nimempigia mimi. Hakuna aliyenitangulia.

Mwanaidi 14:40: Shikamoo Ba'mkubwa. Tusamehe.

Shem Kombo 15:05: Nimekosa mzee wangu. La mkanda ni kweli, Saumu.

Hamisi 17:26: Nimesoma. Mguu umepungua kuvimba. Hela msitume kwanza. Hivyo vipimo vya Saumu nitafanya. Dar sitaki kusikia, mnaelewa kwa nini.

Zaina 17:27: Basi Jumatatu asubuhi tunakwenda, nakufuata mwenyewe. Waliotuma nawarudishia

Jumaa 17:40: Mimi sikutuma

Zaina 17:41: Tunajua.

Mama Abdi 22:03: Saumu wifi yangu, kilo 9 tangu Ramadhani. Na choo kinamsumbua, leo hapati kabisa kesho anaharisha. Alinikataza kusema.

Saumu 22:11: Ahsante wifi. Hilo ndilo daktari alisikie kwanza kabisa Jumatatu, kabla ya kipimo chochote. Linabadilisha mahali pa kutazama. Mwende naye wewe mwenyewe.

Saumu 22:12: Na akiona damu chooni, au pumzi ikimbana, msingoje Jumatatu. Usiku huohuo.

*Jumapili*

Zaina 19:10: Gari nani? Kaka hawezi kupanda daladala na mguu ule.

Shem Kombo 20:44: Langu liko gereji mpaka Jumatano

Zaina 20:45: Jumaa?

Zaina 21:30: Jumaa naona umesoma.