Wakala wa tiketi Kariakoo kaniambia Nairobi–New York ni masaa NANE!!! Nina hasira mpaka kope zinauma

Wakuu ndo nimetua New York sasa hivi, miguu imevimba kama mkate wa kumimina, naandika nimekalia begi. Yule wakala pale Kariakoo mnamjua wote, yule mwenye feni linalolia, sitaji jina. Nilimuuliza kistaarabu kabisa ni masaa mangapi. Akachungulia tiketi, kuondoka 23:55 kufika 07:55, akahesabu kwa vidole, "nane tu kaka, unalala unaamka Marekani". Na mimi nikamwamini mtu anayehesabu kwa vidole!

Masaa nane yalipotimia nikavaa viatu, nikashusha begi, nikasimama kwenye korido kama nashuka Ubungo. Bimkubwa wa siti ya jirani akanivuta shati, "mwanangu kaa, ndo kwanza tunaiacha Afrika". Kucheki kiramani cha kwenye skrini, kandege kako pembeni ya Morocco, mbele maji matupu. Masaa SABA mengine. Na vitumbua nilishamaliza kabla hata taa hazijazimwa.

Natua nampigia wasap kwa waifai ya bure, anajibu nini? "Kwani ulilipia ufike au ulilipia ufike mapema?" UFIKE MAPEMA!! Mimi! Na hela yangu! Napita uhamiaji nawaza hilo tu, afisa ananiuliza nimefuata nini, nusu nimjibu nimelipia nifike.

Mgosi_Mstaafu: Nimecheka kama mazuri 😂 Mkuu New York ipo nyuma yetu masaa 7, kipindi chao cha baridi 8. Chukua nane zako jumlisha saba. Kilomita karibu elfu 12 ulitegemea ndege au kombora?

Shusha_Mbele: Ungepanda ile ya Singapore–New York, km elfu 15 na ushee, masaa kama 18, si ungemwomba rubani akushushe njiani

Mleta uzi: Sitaki hesabu!! Hoja yangu ni lile JIBU. Ufike mapema, mimi! Halafu nasikia kurudi ni masaa 14, hilo moja wanalipeleka wapi?

Mgosi_Mstaafu: Upepo mkuu. Huko juu unavuma toka magharibi, kuja huku unakusukuma mgongoni, wewe umeenda unapigwa nao usoni

Mama_Kachumbari: Unalia na umepewa msosi na blanketi? Mimi basi la Dar–Mwanza lilituzimikia Singida usiku wa manane, abiria tunasukuma, konda yumo ndani anachaji simu

Bob_Kagera: Singida afadhali kuna mishkaki. Sisi wa Bukoba tukizimikiwa ni sisi na fisi

Mama_Kachumbari: Mishkaki ipi, saa nane usiku!

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada

Shusha_Mbele: Kabla hatujarudi mkuu, dagaa ulipita nao hapo uwanjani? Nina safari mwezi ujao

Bob_Kagera: Wa Kigoma au wa Mwanza?