Naomba ushauri: mwanangu ana selimundu, nimwachie akacheze na wenzake?

Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka 2 na nusu, ana selimundu (sickle cell), ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwaka huu tumelazwa mara 3, mara ya mwisho akaongezewa damu. Hapa mtaani Tabata kuna kiwanja chenye bembea, jioni akisikia kelele za wenzake ananivuta kanga, "Mama twende." Naogopa. Akichoka sana au akikosa maji, maumivu yanaweza kuanza, na homa kidogo tu ni hospitali. Jana nilimpeleka na chupa yake ya maji, akacheza mchangani dakika 10, akacheka mpaka nikalia. Usiku sikulala, nampapasa tu kama ana joto. Bibi yake anasema nimfungie ndani.

Wenye watoto kama wangu, mnawaachia muda gani? Na wanaouliza mbona macho yake ya njano, mnawajibuje?