Uwanja wa mahema kukaguliwa kama hoteli: huu ni ukaguzi au mchezo?

Wadau wa utalii Uganda, salamu baadaye. Uzi huu ni wa hasira.

Kwanza tuache kuchanganya majina. "Kambi ya mahema" iliyomo kwenye vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, vile vya nyota 1 hadi 5, ni hema la kudumu: kitanda kimetandikwa, bafu liko humohumo ndani, mapokezi kuna mtu. Uwanja wa mahema ni nyasi. Mgeni anakuja na hema lake, anapigilia vigingi vyake, na anachokulipia ni ardhi, maji, choo na usalama. Basi. Halafu mkaguzi anafika na fomu yenye roho ya hoteli, anauliza vyumba vingapi. Vyumba? Banange!

Matokeo yake mnayajua. Mwenye uwanja anajenga kibanda cha mapokezi, anapaka kaunta vanishi, ananunua kochi. Choo kinabaki kilekile, komeo lake ni msumari uliopindwa. Na anapita.

Cha kukaguliwa kilikuwa hiki. Choo kimoja kwa watu 20, kisipungue mita 30 kutoka kisimani, na sakafu ya shimo iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 au zaidi. Kipimo hicho lazima kichukuliwe msimu wa mvua, maana mkaguzi wa kiangazi anaona shimo kavu na kuweka tiki, na Aprili shimo hilohilo linafurika. Kule Kisoro kwenye miamba ya volkano huchimbi kitu. Unainua choo juu ya ardhi, unajenga chumba cha kinyesi chenye mlango wa nyuma wa kuzolea. Asiyejua hilo atakifelisha choo kizuri kwa sababu kina ngazi.

Maji ndiyo aibu kubwa. Bomba la mvua la kawaida linamwaga kama lita 8 kwa dakika. Mtu akioga dakika 5 ni lita 40. Lori la watalii likishusha watu 24 jioni, hizo ni lita 960 kabla hata sufuria moja haijaoshwa. Sasa tazama kilichopo juu ya mnara: tangi la lita 1,000, moja. Mkaguzi anafungua bomba saa nne asubuhi uwanja ukiwa mtupu, maji yanatoka, anaandika "yapo". Wa mwisho kuoga usiku anabaki na povu kichwani.

Ardhi nayo. Mteremko wa sentimita 1 au 2 kwa kila mita unatosha kuondoa maji bila mtu kuviringika usingizini. Lakini wengi wanatenga bonde lile tambarare kwa mahema kwa sababu linapendeza kwenye picha, na mvua ya kwanza inaligeuza bwawa. Wengine wamemwaga marumu, ule udongo wa changarawe wa barabarani, na kuishindilia mpaka kigingi cha alumini kinajikunja kama waya. Je, kuna mkaguzi anayekuja na kigingi na nyundo? Kingemwambia ukweli kwa dakika moja.

Ziwa Mburo viboko hutoka usiku kula nyasi. Kwa hiyo choo kinakaa upande wa mbali na ziwa, mgeni asikatize njia ya mnyama saa nane usiku na tochi ya simu. Hili halihitaji shahada.

Kuhusu ufukwe, kanuni za mazingira za mwaka 2000 ziko wazi, ukanda wa kuachwa ni mita 200 kutoka Ziwa Victoria, mita 100 kutoka mto Nile. Mwaka 2020 ziwa lilipanda na kuwameza waliojenga ukingoni, na bado mahema yanapangwa palepale kwa sababu "mandhari" inaongeza bei.

Halafu karatasi. Jina la biashara URSB (msajili wa biashara), TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya URA (mamlaka ya mapato), leseni ya biashara ya halmashauri, tathmini ya mazingira ya NEMA (mamlaka ya mazingira) pale inapotakiwa, kisha usajili na leseni ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2008. Kuandikishwa si leseni, na leseni si nyota. Lakini mwenye uwanja anatundika leseni ukutani na kumwambia mgeni "tumepewa daraja". Pita barabara yoyote ya kwenda ziwani: kibao cha bati, nyota nne za rangi ya njano, ya nne imebanwa pembeni kwa sababu fundi aliishiwa nafasi. Nani aliyezitoa? Fundi rangi.

Tunachodai si kingi. Usalama na usafi viwe vya kupita au kufeli, visiuzwe kwa alama za kochi. Nyota za viwanja vya mahema ziwe na fomu yao: idadi ya nafasi za hema, lita za maji kwa kila nafasi, umbali wa choo, taa za njia, mahali pa moto penye ndoo ya mchanga. Ukaguzi ufanyike mara mbili, mara moja usiku na mara moja mvua ikinyesha. Majina ya waliopita yabandikwe hadharani pamoja na tarehe ya ukaguzi, ili kibao kikisema nyota nne mgeni aweze kuangalia mwenyewe.

Wakaguzi mliomo humu, fomu mnayotumia sasa ina swali gani kuhusu kigingi? Pigeni picha muiweke hapa chini.