Vita vya Pasifiki vilianza tarehe 7 au tarehe 8 Desemba 1941?

Mdadisi wa Ramani
Wanajukwaa, salaam. Kitabu kimoja nilichosoma kinasema Wajapani waliishambulia Pearl Harbor, kituo cha manowari za Marekani huko Hawaii, Jumapili tarehe 7 Desemba 1941. Kingine kinasema walishuka Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo) Jumatatu tarehe 8, kisha kinadai kwamba Malaya ndiko vita vilikoanzia. Tarehe 8 inaitanguliaje tarehe 7?

Mwalimu Mstaafu
Vitabu vyote viwili viko sahihi. Kati ya Hawaii na Asia unapita mstari wa tarehe, yaani mpaka ambao upande wake wa Asia huwa mbele kwa siku moja, na wakati ule saa za Malaya zilikuwa mbele ya zile za Hawaii kwa saa 18. Wajapani walianza kuupiga mizinga ufuko wa Kota Bharu, huko Malaya, yapata saa 6:30, usiku wa kuamkia Jumatatu. Honolulu, mji mkuu wa Hawaii, ilikuwa bado Jumapili, saa 12:30 asubuhi, na ndege za Admirali Nagumo wa Japani zilikuwa zimekwisha kuruka kutoka meli 6 za kubebea ndege, lakini zingali juu ya bahari. Zilifika Pearl Harbor saa 2 kasoro dakika chache, kwa hiyo Malaya ilitangulia kwa zaidi ya saa moja.

Hata huko Hawaii dalili zilikuwepo. Mara baada ya saa 1 askari wawili wa kituo cha rada cha Opana waliona kundi kubwa la ndege likija kutoka kaskazini, wakapiga simu, na ofisa aliyeipokea akawaambia wasiwe na wasiwasi, kwa kuwa alidhani ni ndege za Marekani zilizokuwa zikitarajiwa kutoka California.

Mimi huona tunaikuza mno Pearl Harbor. Marekani ilikuwa imewakatia Wajapani mafuta katikati ya mwaka ule, nao waliyataka yale ya visiwa vilivyotawaliwa na Waholanzi, Indonesia ya leo. Pigo la Hawaii lilikuwa la kuwafunga Wamarekani mikono wasiingilie safari hiyo ya kusini.

Baharia wa Kilindini
Shikamoo Mwalimu. Naomba kuongeza Ufilipino, ambako ndiko kwenye fumbo kubwa zaidi. Uwanja wa ndege za kivita za Marekani wa Clark ulipigwa yapata saa 6:30 mchana wa Jumatatu, saa 9 hivi baada ya habari za Hawaii kufika Manila, na bado ndege nyingi za Jenerali MacArthur, kamanda wa Marekani huko, zilikutwa chini.

Mdadisi wa Ramani
Saa 9 nzima? Walikuwa wamelala?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba, Baharia. Hapana, hawakulala. Asubuhi ndege zao za mabomu zilirushwa zisije zikakutwa uwanjani, zikazunguka angani hadi zikalazimika kutua zijazwe mafuta na kupakiwa mabomu. Wajapani nao walikuwa wamecheleweshwa na ukungu huko Formosa (Taiwan ya leo), walikorukia, na ucheleweshaji huo, ambao wao wenyewe waliuogopa, ukawafikisha Clark saa ileile ambayo ndege zilikuwa zimepangwa chini na watu wako kwenye chakula cha mchana. Kuhusu nani alizuia ndege hizo zisiende kuipiga Formosa mapema, MacArthur na Brereton, mkuu wake wa jeshi la anga, walikuja kutoa maelezo yanayopingana.

Baharia wa Kilindini
Mwendo huo wa kusini ndio uliotufikia hata sisi. Baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwezi Aprili 1942, manowari za Waingereza za Bahari ya Hindi zilihamishia makao yake hapa Kilindini, Mombasa.