Mjadala: Hospitali ya kijijini ilipwe kwa kuwa wazi, au kwa kuhesabu wagonjwa?

Mhasibu wa Mlimani (mleta mada)

Wakuu, kila bajeti ya afya ikisomwa tunabishana kuhusu dawa na watumishi, na jambo linalozifilisi hospitali za vijijini tunaliruka. Nimeshika vitabu vya hospitali moja ya kanisa huku mlimani, sitaitaja. Mapato yake huja na mgonjwa, mmoja mmoja. Gharama zake nyingi hazimsubiri mgonjwa.

Chukueni zamu ya usiku tu. Wodi ya wazazi inataka wakunga wawili, maana mmoja akiingia chumba cha kujifungulia lazima abaki wa kuangalia wengine. Maabara inataka mtu. Upasuaji unataka daktari anayelala jirani, mtu wa usingizi, oksijeni, na jenereta lenye dizeli ndani, siyo dizeli ya kwenda kutafuta saa nane usiku. Waje wajawazito watano au asije hata mmoja, mishahara ni ileile. KCMC, hospitali kubwa ya rufaa pale Moshi, inagawa gharama za namna hii kwa umati wa wagonjwa. Hospitali ya vitanda 60 Rombo au Same inazigawa kwa wachache, na kitita cha bima, yaani orodha ya huduma na bei zinazolipwa kwa kila moja, hakijali hilo.

Wamarekani wana tatizo hilohilo, pamoja na utajiri wao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina wanaofuatilia hospitali za vijijini wamehesabu zaidi ya 100 zilizofunga au kuacha kulaza wagonjwa tangu 2010. Dawa waliyoanza nayo ni ya 1997, na kwa masharti ya sasa hospitali ndogo isiyozidi vitanda 25 inalipwa na bima ya wazee ya serikali asilimia 101 ya gharama zake halisi, badala ya bei ya kila ugonjwa. Ziko zaidi ya 1,300 za namna hiyo. Kuanzia 2023 wakaenda mbali zaidi: hospitali ikikubali kuacha kulaza na kubaki na huduma ya dharura saa 24, inapata malipo ya kudumu kila mwezi, zaidi ya dola 270,000, mgonjwa aje asije.

Hoja yangu: hospitali teule, yaani za makanisa zinazotumika kama hospitali za wilaya, na nyingine za vijijini zilipwe fungu la kudumu kwa ajili ya kuwa wazi usiku na mchana, na bima iongezee juu yake kwa kila mgonjwa. Karibuni.

Mlipakodi wa Sakina

Mkuu, umeandika vizuri, ila umetupitisha mlango wa nyuma. Unachoomba ni kodi yangu iende hospitali za makanisa. Mwaka wa fedha 2018/19 serikali ilianza kujenga hospitali za halmashauri 67 kwa mkupuo. Kama fedha ipo, ziwekwe vifaa na madaktari hizo. Askofu ana shamba la kahawa, ana shule, ana hosteli mjini. Aendeshe hospitali yake.

Mkunga wa Zamu

Kaka wa Sakina, njoo kwanza usikilize huku wodini. Sera inasema mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano wanatibiwa bure. Mama anaijua sera kuliko mimi. Anafika hospitali ya kanisa kwa sababu ndiyo iliyo karibu na uchungu haungoji, anajifungua kwa upasuaji, kesho yake mhasibu anapita na karatasi. Kama halmashauri ina mkataba na hospitali, italipa siku itakayolipa. Kama hakuna mkataba, mumewe anaondoka kwenda kuuza mbuzi, na sisi tunabaki na mama aliyepona na kitanda kisichoachiwa. Huyo mama naye analipa kodi. Kila akinunua sukari na mafuta ya taa analipa.

Na suala la kanisa na serikali halikuanza leo. Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii iliundwa 1992 baada ya makubaliano ya serikali na makanisa. Kabla ya hapo zilikuwepo ruzuku za vitanda. Kinachobishaniwa ni namna ya kulipa, kulipana kulishaanza zamani.

Sina Upande

Mimi naogopa kitu kingine. Ukimlipa mtu kwa kuwa wazi, atakuwa wazi. Mlango wazi, taa inawaka, daktari yuko Moshi mjini kwenye kliniki yake. Nimekaa kwenye benchi la zahanati ya serikali tangu asubuhi, mtumishi analipwa mshahara kamili, na dirisha la dawa limefungwa kwa kofuli. Malipo ya kudumu hayo tunayo tayari, yanaitwa mishahara ya utumishi wa umma. Angalau anayelipwa kwa mgonjwa ana sababu ya kunitazama usoni.

Mhasibu wa Mlimani

Sina Upande, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote humu. Hata huko Marekani lawama dhidi ya ile asilimia 101 ndiyo hiyo: ukirudishiwa kila ulichotumia, kubana matumizi ya nini? Ndiyo maana Maryland tangu 2014, na Pennsylvania kwa hospitali za vijijini kuanzia 2019, walijaribu njia ya bajeti iliyopangwa mwanzoni mwa mwaka. Ukibakiza ni chako, ukizidisha utajua mwenyewe.

Ila usidhani kulipwa kwa mgonjwa ni usafi mtupu. Mgonjwa mwenye kadi ya bima anaandikiwa vipimo ambavyo asiye na kadi hataandikiwa, na mfuko wa bima unajua, ndiyo maana unakata madai. Nimeona fomu za madai zinarudi zimekatwa kwa sababu ya saini, kwa sababu ya namba, kwa sababu daktari kaandika ugonjwa mmoja na dawa ni ya mwingine. Hapo mgonjwa kashatibiwa, dawa kashakunywa, na mzabuni anapiga simu. Hospitali ya mjini ina watu wa kukaa na fomu hizo tu. Yetu fomu anazijaza nesi huyohuyo aliyetoka kuzalisha.

Fungu la kudumu liwe na masharti: daktari asipopatikana usiku, fungu la mwezi huo linapungua. Hilo linakaguliwa kwa kutokea saa nane usiku bila taarifa. Barua hazisaidii.

Kahawa Chungu

Jamani, tunahangaika na nini wakati Bima ya Afya kwa Wote ina sheria tangu 2023? Kila mtu akiwa na kadi, hospitali itapata fedha yake, basi.

Mkunga wa Zamu

Dada Kahawa, Toto Afya Kadi, ile bima ya mtoto, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Wengi waliwaandikisha watoto walipoanza kuugua, mfuko ukaelemewa, na 2023 utaratibu ukabadilishwa ili waandikishwe kupitia shule. CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Gawanya mwenyewe, ni 5,000 kwa kichwa kwa mwaka mzima, halafu niambie ilinunua dripu ngapi. Huku kwetu watu wana fedha kahawa ikiuzwa. Ukija kukusanya michango mwezi wa nne, wakati wa masika, utaondoka na ndizi.

Mlipakodi wa Sakina

Na hata walio na fedha wanavutana. Machi 2024 kitita kipya cha NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kilipoanza, hospitali binafsi kadhaa zilisitisha kupokea kadi. Hapo dada mkunga ananipa nguvu bila kutaka: asiyeamini bei ya bima leo, kesho ataamini fungu la kudumu? Litacheleweshwa vilevile.

Ole wa Loliondo

Nawasoma nyie watu wa mlimani nacheka. Kibosho wana hospitali, Machame wanayo, Kilema wanayo, Marangu wanayo, na kutoka Kibosho hadi KCMC ni mwendo mfupi wa gari. Huku Ngorongoro tuna Wasso, tuna Endulen, na baada ya hapo ni safari ya siku nzima kwenda Arusha, kama mvua haijanyesha. Mkigawana hilo fungu kwa usawa, fedha itaishia mlimani kwenye lami na maaskofu wengi.

Mleta mada umesahau kutuambia sharti la hao Wamarekani. Ile hospitali ndogo ya asilimia 101 ilitakiwa iwe maili 35 kutoka hospitali nyingine, kama kilomita 56, au maili 15 kwenye milima na barabara mbovu. Hospitali yako ya huko juu inapita hapo?

Mhasibu wa Mlimani

Ole, kwa kilomita 56 haipiti. Hata kwa kilomita 24 za milimani nadhani ingekwama. Na kwa kweli naona baadhi ya hospitali za huku zingefaa kushuka zikawa vituo vya afya vyenye chumba kizuri cha wazazi na gari la wagonjwa lenye mafuta. Hilo nikilisema kwenye kikao cha wadhamini sitapewa chai. Kila usharika unaiona hospitali yake kama urithi wa babu.

Lakini sharti hilo lina historia yake. Hadi 2006 majimbo yaliruhusiwa kuzisamehe hospitali umbali, na yakasamehe nyingi mno, kila mbunge na ya kwao. Kwa hiyo tukiweka umbali, iandikwe kwenye sheria yenyewe, waziri asiwe na kalamu ya kusamehe. Wasso na Endulen zipate mwanzo.

Ole wa Loliondo

Sasa tunaelewana. Bado moja: umbali huo upimwe kwa saa, siyo kwa kilomita, na upimwe mwezi wa nne, mito ikiwa imejaa. Watu wa wizara huja kupima mwezi wa nane, vumbi tupu, wanafika chakula cha mchana na kuandika kwamba barabara inapitika.