Naomba ushauri: kwa nini bei ya gari jipya la aina moja hutofautiana sana kati ya Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura?

Mtunza Hazina (Kigoma)

Ndugu wanajukwaa, poleni na kazi. Mimi ni mtunza hazina wa chama cha akiba na mikopo hapa Kigoma Mjini. Mkutano mkuu umeridhia tununue gari dogo jipya, la injini ya cc 1,500, kwa ajili ya maafisa mikopo wanaowafuata wanachama wetu Kasulu, Buhigwe na Manyovu.

Mezani nina profoma (ankara za awali za bei) mbili za gari lile lile, toleo lile lile, moja ya Dar es Salaam na nyingine ya Nairobi, na ya Nairobi iko chini sana. Juu ya hapo, mjumbe mmoja wa bodi ana shemeji yake Bujumbura aliyemtajia bei kwa faranga, ambayo tukiigeuza kuwa shilingi kwa bei ya wabadilisha fedha wa mpakani inakuwa ndogo kuliko zote. Bodi inaniuliza kwa nini tuagize Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, ilhali Burundi tunaipakana. Nchi zote tatu zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye Umoja wa Forodha, nami nilitarajia bei zikaribiane. Fedha hizi ni akiba za watu, kwa hiyo naomba maelezo nitakayoweza kuyasimamia mbele ya wanachama.

Wakala wa Forodha (Dar es Salaam)

Ndugu Mtunza Hazina, kabla ya yote tazama sehemu ya masharti, chini kabisa ya profoma ya Nairobi, uone kama bei imetajwa pamoja na kodi au bila kodi. Wauzaji wa magari mapya huwa na bei mbili kwa gari moja: ya mnunuzi wa kawaida na ya wenye msamaha wa kodi. Anayeuliza bei akiwa nje ya nchi huweza kupewa hiyo ya pili, kwa kuwa kodi atailipa kwao.

Hesabu yenyewe iko hivi. Chukua gari jipya la cc 1,500 ambalo thamani yake, pamoja na bima na nauli ya meli hadi bandarini, ni dola 10,000. Likishuka Dar es Salaam, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 2,500. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 hautozwi juu ya ile 10,000 bali juu ya 12,500, nao ni dola 625. Kisha VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla yote ya 13,125, na gari linafika takriban dola 15,487 kabla ya tozo ndogondogo, usajili na faida ya muuzaji. Gari hilo hilo likishuka Mombasa kwa ajili ya mnunuzi wa Kenya, hukutana na ushuru wa forodha wa asilimia 35 uliotangazwa mwaka 2023, ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 na VAT ya asilimia 16, kila kimoja kikipanda juu ya mwenzake: 13,500, halafu 16,200, halafu 18,792. VAT yao ni ndogo kuliko yetu, lakini gari linawagharimu zaidi, kwa sababu kodi inatozwa juu ya kodi.

Kuhusu Umoja wa Forodha, ni kweli upo ushuru mmoja wa forodha kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya, lakini nchi mwanachama inaweza kuomba itoze kiwango chake kwa mwaka mmoja, na ndiyo njia ambayo Kenya iliitumia. Ushuru wa bidhaa na VAT havikuunganishwa. Kila nchi hujipangia vyake. Hapo ndipo sehemu kubwa ya tofauti mnayoiona inapozaliwa.

Mwalimu Mstaafu (Tabora)

Naongeza jambo ambalo watu hulisahau: hata bei kabla ya kodi haifanani. Kiwanda hakiuzi kwa bei moja dunia nzima. Hutazama wanunuzi wa kila nchi wanaweza kubeba kiasi gani. Mfano mzuri ni Denmark na Ujerumani, nchi zinazopakana. Kwa miaka mingi kodi ya usajili ya Denmark ilifika asilimia 180 kwa sehemu ya juu ya thamani ya gari, wakati Ujerumani haina kodi ya namna hiyo. Ili magari yanunulike Denmark, viwanda vilishusha bei ya kabla ya kodi, ikawa miongoni mwa bei za chini kabisa katika Umoja wa Ulaya, ingawa Mdenmark mwenyewe alilipa fedha nyingi kuliko jirani yake.

Viwanda hulinda tofauti hizo kwa nguvu. Mwaka 1998 Tume ya Ulaya iliitoza Volkswagen faini ya ekyu milioni 102 (ekyu ni kipimo cha fedha cha Ulaya kabla ya yuro) kwa kuwazuia mawakala wake wa Italia wasiwauzie wateja wa Ujerumani na Austria waliokuwa wakifuata bei nafuu. Huko sheria ilimlinda mnunuzi anayevuka mpaka. Kwa maoni yangu, Jumuiya yetu nayo ingefaa kuwapa wananchi ulinzi wa aina hiyo, kwani soko la pamoja lina maana gani kama mnunuzi hawezi kulinganisha bei na kuchagua?

Mama wa Kibirizi (Kigoma)

Mwanangu, mimi nafanya biashara na Burundi na hiyo bei ya faranga naifahamu. Faranga ina bei ya benki na bei ya mtaani, na mara nyingi zimeachana mbali sana. Ukigeuza kwa ile ya mtaani, kila kitu cha Burundi kinaonekana rahisi. Muulizeni shemeji kama muuzaji atapokea faranga za mtaani au atadai dola, maana gari jipya limeagizwa kwa dola. Tena kule magari hupita kulia, na gari lililoagizwa jipya kwa soko lao kwa kawaida lina usukani wa kushoto.

Mtunza Hazina (Kigoma)

Nawashukuru sana. Ndugu Wakala, nimetazama: kwa maandishi madogo imeandikwa kwamba bei ya Nairobi haina kodi yoyote. Shemeji naye amejibu kwamba muuzaji anataka dola. Je, nikilipia Nairobi bila kodi, kisha nikalipa kodi zote hapa nchini, kuna nafuu yoyote?

Wakala wa Forodha (Dar es Salaam)

Nafuu itakuwepo endapo bei hiyo isiyo na kodi, ukiongeza usafiri hadi mpakani, iko chini ya bei ya Dar es Salaam iliyoondolewa kodi. Kwa hiyo mwombe muuzaji wa Dar es Salaam akuandikie profoma yenye mistari iliyotenganishwa: thamani hadi bandarini, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT, tozo, usajili, na faida yake. Asiyekubali kuitenganisha, msinunue kwake. Mkishaipata, jadilianeni naye kuhusu mstari wa kwanza na wa mwisho pekee, kwa sababu iliyo katikati haiko mikononi mwake.

Pia muulizeni kila muuzaji kwa maandishi kama dhamana ya kiwanda itatambuliwa Tanzania na sevisi itafanyikia mji gani. Na akitokea mtu wa kuwauzia gari la IT, yaani la kupita tu nchini, lililoshushwa bandarini kwetu kwa ajili ya Kongo au Zambia, akidai kadi itashughulikiwa baadaye, mkataeni, kwani kodi ya gari hilo haijalipwa na likikamatwa mtapoteza gari na fedha. Viwango hubadilishwa kila bajeti na kuanza kutumika tarehe 1 Julai, hivyo profoma iliyoandikwa Mei ihakikiwe upya kama malipo yatafanyika Agosti.