Nina masaa nane pale uwanja wa ndege wa Dallas (DFW), nikimbilie Grapevine Mills au nitulie uwanjani?

Binti_Nyamagana
Wakuu habari za saa hizi. Naombeni ushauri kwa mliopo Texas au mliowahi kupita huko. Mwezi wa nane Mungu akijalia naenda kumsalimia kaka yangu Oklahoma City, natoka Dar napitia Dubai natua DFW saa nne asubuhi, halafu ndege ya Oklahoma ni saa kumi na mbili jioni. Sasa kuna dada kazini kanijaza upepo eti jirani kabisa na huo uwanja kuna mall kubwa ya outlet (maduka ya kampuni yanayouza kwa punguzo), Grapevine Mills, yote iko ndani ya jengo moja na kila kitu ni nusu bei. Listi ya maagizo imeshajaa (ukisema tu unaenda Marekani watu wanadhani unaenda kuchukua mirathi), viatu vya watoto, mikoba, pafyumu za mawifi. Viza ninayo. Muda unatosha? Natokaje pale uwanjani? Na hiyo nusu bei ni kweli au stori za vijiweni? Tiketi bado sijalipia, ejenti ananisubiri mpaka ijumaa.

Mkwezi_wa_Irving
Karibu sana dada. Muda upo ila usihesabu masaa nane, hayo si yako yote. Marekani hakuna kukaa transit kama Dubai, ukitua tu unapita uhamiaji, unachukua mabegi yako mwenyewe, unapita forodha, halafu hapohapo nje unayarudisha kwa shirika yaende Oklahoma. Foleni ya uhamiaji Terminal D ikiwa mbaya ni saa nzima na zaidi. Toa hapo, toa na masaa mawili ya kurudi mapema kwa ajili ya ukaguzi, wewe umebakiwa na masaa manne hivi ya kuzurura. Yanatosha kama unajua unachotafuta. Ukienda kushangaa shangaa hutamaliza hata nusu, maana ile mall imejengwa kama duara refu, ghorofa moja tu, maduka zaidi ya 180, unatembea mpaka miguu inawaka moto kisha unajikuta umerudi ulikoanzia. Ipo toka 1997. Piga picha mlango ulioingilia, milango inafanana na nimeona watu wazima wanazunguka parking na mifuko juani wanatafuta gari, na jua la mwezi wa nane huku ni nyuzi 38 kwenda juu, si mchezo.

Usafiri chukua Uber au Lyft, mall iko kaskazini ya uwanja, dakika kumi na kitu kama barabara haijajaa.

WaThika_TX
Bei ndio story yenyewe sasa. Watu hudhani outlet ni kule kampuni inapeleka mali iliyobaki kwa duka kubwa. Kitambo ilikuwa hivyo, na bado ziko chache, lakini siku hizi vitu vingi vya outlet vimeshonwa viende outlet straight, havijawahi kuonekana kwa duka la kawaida hata siku moja. Kitambaa chepesi kiasi, zipu ya kawaida, ngozi si ile. Kwa hivyo ile bei ya juu imeandikwa kwa tag halafu chini yake "leo 60% off", hiyo ya juu mara nyingi hakuna mtu amewahi kuilipa. 2014 hata wabunge wa Marekani waliandikia FTC, ile ofisi ya serikali ya kulinda wateja, barua wakiuliza kama wateja wanadanganywa na hizo bei.

Usinielewe vibaya, mimi hununua huko. Shati ya dola 15 ikiwa inafaa dola 15 unaichukua. Angalia lebo ya shingoni tu: nguo za Gap Factory huwa na viboksi vitatu chini ya jina, Banana Republic Factory nayo ina vialmasi vitatu. Ukiona hizo jua umenunua ya outlet, na ulipe kama ya outlet. Viatu vya michezo ndio mimi huona ni nafuu kweli, hasa zile rangi watu walikataa. Sasa mtoto wa shule wa Mwanza atajali rangi?

Bi_Shuwea
Hamjamwambia mambo ya pafyumu. Mwanangu, mabegi yako makubwa yatakuwa yameshaenda zake, kwa hiyo kila utakachonunua mall unaingia nacho mkononi kwenye ndege, na pale kwenye ukaguzi chupa ya maji maji ikizidi mililita 100 inatupwa, haijalishi ina kofia yake na karatasi ya nailoni. Nimeona kwa macho yangu mama wa watu analia na losheni zake sita. Mawifi wanunulie ukirudi, pafyumu zipo Dubai tele.

Jingine, bei ya kwenye tagi haina kodi. Kwetu umezoea ukiona elfu kumi ni elfu kumi, huku ukifika kwa keshia inaongezeka 8.25%.

Mwana_Uvira
Bandugu, miye naishi Fort Worth. Kama hautaki kulipa Uber yote, kuko train inaitwa TEXRail, inatokea Terminal B, tiketi dola 2, kituo cha Grapevine Main Street kiko karibu. Lakini haifike kwa mall yenyewe, pale tena utaita gari. Kama uko na mizigo iache tu.

Na juu ya ile kodi mama anasema: mwanzoni mwa mwezi wa nane Texas inatoa siku tatu, ijumaa mpaka jumapili, nguo na viatu vya chini ya dola 100 kila kimoja hakuna kodi. Begi za shule pia. Mikoba ya wamama, saa na mapambo havimo. Ila siku hizo batu banajaa ile mall, utafikiri ni harusi ya chifu.

Chaga_Express
Mbona mnamzungusha. Dada, huyo kaka yako hana gari? Oklahoma City mpaka Dallas ni masaa matatu na kitu kwa barabara kuu ya I-35. Kwenda panda ndege yako kwa amani, siku ya kurudi akushushe na gari, mpite mall mabegi yakiwa kwenye buti, unanunua, unapanga, unapima begi zako mbili, kilo 23 na 23, anakuacha uwanjani. Hapo hata pafyumu inaingia begi kubwa.

Mkwezi_wa_Irving
@Chaga_Express wazo zuri lakini utamponza. Kama tiketi ya kurudi inaanzia Oklahoma na asipotokea kwenye kile kipande cha kwanza, shirika linafuta vipande vyote vilivyobaki, anafika kaunta ya DFW anaambiwa hana safari. Bahati yake hajalipia. Binti mwambie ejenti akukatie kwenda mpaka Oklahoma, kurudi kuanzia Dallas. Uliza bei, mara nyingine tofauti ni ndogo. Na buti msiliache na mabegi yanaonekana kwenye kioo, mmoja abaki na gari au mfunike vizuri.

Binti_Nyamagana
Aisee nimepata zaidi ya nilichouliza, asanteni sana. Nimeshampigia ejenti, ameanza kuguna lakini anaangalia. Kaka kakubali kunileta ila anataka watoto wake waje nao, wanasema humo humo ndani ya mall kuna Legoland (sehemu ya watoto kuchezea) na samaki, sijui nitanunua saa ngapi. Swali la mwisho: huku viatu vya watoto tunahesabu 33, 34, huko namba zao zikoje?

Bi_Shuwea
Legoland ipo, na aquarium ya Sea Life ipo, hao wape baba yao tiketi waingie zao. Namba za huko zina vurugu, za watoto zinapanda mpaka 13 halafu zinaanza tena moja. Usihangaike nazo, kila mtoto akanyage karatasi umchore mguu kwa kalamu, andika jina lake, ukate. Dukani unachomeka karatasi ndani ya kiatu, iingie bila kujikunja na ibaki nafasi ya kidole mbele. Na usinunue pea kumi za saizi moja, jamaa wa forodha pale Dar wakifungua begi watajua unafungua duka.

WaThika_TX
Na uchore jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo.